Mchanga na Maji: Uhakiki wa Masimulizi ya Safari za Jangwani

Utangulizi

Katika masimulizi ya safari za jangwani kuna ukurasa mmoja ambao haukosekani. Msafiri hufika alfajiri, au jua likikaribia kutua, akapanda kilima cha mchanga hadi kileleni. Hapo husimama akihema na kutazama. Mbele yake mchanga umeinuka na kuinama kama bahari ya kusi. Rangi yake inageuka kutoka dhahabu hadi wekundu wa damu. Upepo unafuta nyayo zake kabla hajageuza shingo. Msafiri hujiona mdogo, hunyamaza, na ukurasa huishia hapo. Ukurasa huo umeandikwa juu ya Namib, Sahara na Arabuni, na siku hizi huandikwa pia juu ya jangwa la Chalbi huko Marsabit na vilima vya mchanga vya Shela katika kisiwa cha Lamu. Mara nyingi huandikwa vizuri. Lakini mhakiki hana budi kuuliza: je, ukurasa huo unamweleza msomaji nini juu ya mchanga wenyewe, na juu ya watu wanaoishi nao?

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa kulinganisha vitabu viwili. Cha kwanza ni kile cha Mwingereza Wilfred Thesiger, *Arabian Sands*, kilichochapishwa mwaka 1959, ambacho kinasimulia safari zake katika jangwa la Rub' al-Khali. Cha pili ni kile cha Mjerumani Johann Ludwig Krapf juu ya safari zake za Afrika ya Mashariki, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860. Vyote viwili vitapimwa kutoka mahali pasipo na kilima hata kimoja cha mchanga, yaani Kabati, mji mdogo wa soko magharibi mwa Kitui, ambapo barabara ya Machakos inakutana na ile ya Migwani.

Kabati imechaguliwa kwa makusudi. Mtu anayetafuta fahari ya jangwa atapita hapo bila kusimama. Ataona vichaka, mashamba ya mbaazi na kunde, na mito ambayo kwa miezi mingi haina tone la maji linaloonekana, bali mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo. Hata hivyo mchanga huo ndio unaowanywesha watu na mifugo yao. Hoja ya makala haya ni kwamba maelezo ya mchanga yanayoishia machoni ni nusu tu ya maelezo, na kwamba nusu inayoachwa ndiyo iliyobeba uhai wa watu.

Maneno yenyewe

Yafaa kuanza na lugha, kwa kuwa msafiri huona kwa msaada wa maneno aliyo nayo. Kiswahili hakijaafikiana juu ya neno moja la kutajia mlima wa mchanga ulioinuliwa na upepo. Wako wasemao kilima cha mchanga, wako wasemao tuta, na wako wasemao fungu. Neno fungu ni la mabaharia: ni mchanga ulioinuka chini ya maji, mahali ambapo chombo hupanda na kukwama. Hali hii si upungufu wa kuonewa haya. Yaonyesha tu kwamba waliokuza istilahi za pwani waliujua mchanga kwa hatari yake na kwa manufaa yake zaidi kuliko kwa urefu wake.

Neno nyika lina historia yenye uchungu zaidi. Kwa mtu wa mwambao, nyika ilikuwa nchi ya nyuma, nchi ya kuvukwa ili kufika kwingine. Wakazi wake nao wakapewa jina la nchi hiyo, wakaitwa Wanyika, hata katika miaka ya 1940 jina la Mijikenda liliposhika mahali pake. Hapa inaonekana jinsi neno la mandhari linavyoweza kugeuka kuwa hukumu juu ya watu. Nchi ikiitwa tupu, aliyemo huhesabiwa kuwa si mtu wa kuhesabiwa.

Wapagazi wa misafara walikuwa waangalifu zaidi katika kutoa majina. Eneo kavu lililokuwa kati ya Ugogo na Unyanyembe walilijua kwa jina la Mgunda Mkali. Mgunda kwa Kinyamwezi ni shamba. Basi hata mahali palipowatisha kwa kiu hawakupaita patupu. Walipaita shamba, ila shamba kali. Hali kadhalika, Kikamba kina neno weu, ambalo mgeni angeweza kulifasiri kuwa nyika. Lakini katika sheria za jadi za Wakamba, weu ni ardhi ya malisho ya wote, tofauti na kisesi ambayo ni malisho yaliyotengwa, na tofauti na ng'undu ambayo ni ardhi yenye mwenyewe. Mgeni anapoona uwazi, mwenyeji anaona haki ya kuchunga. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha uhakiki unaofuata.

Vilima vya Robo Tupu

Jina Rub' al-Khali maana yake ni Robo Tupu. Vilima vyake hufikia zaidi ya mita 200, na Thesiger alivivuka mara mbili, mara ya kwanza mwaka 1946 akitokea Salala upande wa Dhofar. Kitabu chake kimesifiwa kwa uzuri wa maelezo yake, na sifa hizo ni za haki. Sehemu inayosimulia kuvuka safu ya Uruq al-Shaiba ina kila kitu ambacho msomaji hutarajia: kilima kinachoziba upeo wa macho, ngamia wanaokataa kupanda, hofu ya mtu anayejua kwamba nyuma yake hakuna kurudi.

Lakini nguvu ya sehemu hiyo haitokani na urefu wa kilima. Inatokana na viriba. Katika kurasa zote za safari hiyo msomaji anafahamishwa kiasi gani cha maji kimebaki, nani amekunywa na nani amengoja, na jinsi tone linavyodondoka kutoka katika ngozi iliyochakaa. Aidha, anayeijua njia si mwandishi, ni Muhammad al-Auf, mwongozi wake, ambaye anatangulia kwa miguu, anautazama mteremko, anachagua mahali ambapo mchanga utakubali kubeba ngamia. Kijana Salim bin Kabina naye yuko karibu katika kila tukio. Robo hiyo inayoitwa tupu inajaa watu, visima na majina ya visima. Wasafiri wanapokifikia kisima cha Khaba baada ya wiki mbili hivi, msomaji anajua thamani ya maji hayo ya chumvichumvi kuliko mwonjaji yeyote wa maji matamu.

Hapa Thesiger anawashinda wanafunzi wake wengi wa leo. Watalii wanaopelekwa vilimani kwa gari, wakapiga picha na kurudi hotelini kabla ya chakula cha usiku, wameurithi ukurasa wake wa kileleni wakauacha ukurasa wa kiriba. Hata hivyo naye ana kasoro yake. Anaupenda ugumu wa jangwa kwa sababu unamjaribu yeye. Aliyachukia magari na mafuta kwa kuwa yangeiharibu nchi aliyoipenda, wala hakuuliza kwa kina kama Bedui mwenye mtoto mgonjwa angeyachukia pia. Kiu kwake ni mtihani aliouchagua. Kwa wenyeji kiu haikuchaguliwa. Mtu huyohuyo baadaye aliishi miaka mingi Maralal, katika nchi kavu ya Wasamburu hapa Kenya, na mapenzi yake kwa maisha ya zamani yalibaki yaleyale. Anayesimulia nchi kavu hana budi kutenganisha mambo haya mawili: kiu ya mgeni, ambayo ina tarehe ya kwisha, na kiu ya mwenyeji, ambayo hurudi kila mvua ikikosa.

Shimo la nyani

Krapf hakuchagua kiu. Alifika Mombasa mwaka 1844, na wanafunzi wa Kiswahili wanamjua kwa sarufi yake ya mwaka 1850 na kwa kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Alifika Ukambani mara mbili. Safari ya kwanza, akiwa Kitui kwa mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara, aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Ukurasa huo ndio uliompa sifa, na ndio uliobishiwa Ulaya na wataalamu ambao hawakuamini kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Ni ukurasa wa jicho: mtu anasimama, mawingu yanafunguka, kilele kinaonekana.

Safari ya pili, mwaka 1851, haikwenda hivyo. Krapf alifuatana na Kivoi kuelekea mto Tana. Njiani wakavamiwa, Kivoi akauawa, na msafara ukatawanyika. Krapf akabaki peke yake porini. Alipoufikia mto alikunywa, lakini hakuwa na chombo cha kuchukulia maji. Akajaza ala ya ngozi ya darubini yake, na akajaza mitutu ya bunduki, akaiziba kwa nyasi. Kisha akatembea usiku na kujificha mchana. Vichaka vikaing'oa ile nyasi, na maji ya mitutuni yakamwagika yote.

Hapo ndipo unapokuja ukurasa bora wa kitabu kizima. Akiwa amekaukiwa koo, Krapf anafika katika mto usio na maji, ambao ni mchanga mtupu. Anasikia kelele za nyani, anafurahi, kwa kuwa anajua kwamba penye nyani bondeni maji hayako mbali. Anaufuata mkondo wa mchanga, na anakuta shimo ambalo nyani wamelichimba kwa mikono yao, na ndani ya shimo mna maji. Anakunywa, anamshukuru Mungu, anajaza tena alichoweza kujaza, na kuendelea na safari.

Mambo matatu yanastahili kusemwa juu ya ukurasa huo. Kwanza, darubini na bunduki, vyombo viwili ambavyo mpelelezi wa karne ya 19 hakwenda popote bila ya hivyo, vinageuka kuwa vibuyu. Chombo cha kutazamia mbali na chombo cha kutawalia havikumfaa kitu hadi vilipoacha kazi zake na kubeba maji. Krapf hakukusudia mfano huo, na kwa sababu hiyo una nguvu zaidi. Pili, mto anaouona kwa macho haupo, bali ule anaouhitaji uko chini ya miguu yake. Maarifa ya jinsi ya kuufikia hayako katika vitabu vyake. Yako kwa nyani, na nyuma ya nyani yako kwa watu wa nchi hiyo ambao wanachimba mchanga wa mitoni vivyo hivyo. Tatu, Krapf hajifunzi. Anayachukua maji kama rehema iliyoshushiwa yeye, na anapolipita shimo nchi inarudi kuwa nyika iliyojaa hatari. Hamwulizi hata mtu mmoja, katika kurasa zinazofuata, mito hiyo ya mchanga inachimbwaje, wala ni nani mwenye haki ya kuteka wapi. Mwanaisimu aliyekusanya maelfu ya maneno aliipita sentensi muhimu kuliko zote za nchi ile.

Majina ya njaa

Fasihi simulizi ya Wakamba imeyahifadhi yale ambayo wageni waliyaacha. Ukambani kila njaa kubwa ina jina, na jina hilo ni ufupisho wa habari nzima. Ngomanisye, njaa ya miaka ya mwisho ya karne ya 19, ni ile iliyoenea kila mahali isimwache mtu. Ndeke, ya mwaka 1961, ina jina la ndege, kwa kuwa chakula cha msaada kiliangushwa kutoka angani. Nikw'a Ngwete, ya mwaka 1984, maana yake ni "nafa nikiwa nimeshika", yaani mtu ana fedha mkononi lakini chakula cha kununua hakuna.

Majina haya hayaielezi sura ya nchi. Hayasemi jua lilikuwa na rangi gani wala ardhi ilipasuka namna gani. Yanasema uhusiano ulivyokuwa kati ya watu na mahitaji yao: chakula kilitoka wapi, fedha zilishindwa kufanya nini. Jina la mwisho ni uhakiki wa uchumi kwa maneno mawili. Mhakiki wa fasihi anayeyaweka majina hayo kando kwa kuwa hayana tamathali za kutosha atakuwa ameikosea fasihi yenyewe. Hapa ukavu umesimuliwa na waliomo, na wao hawakuona haja ya kupanda kilimani ili wauone.

Mchanga uliojengewa ukuta

Kwa hiyo yafaa kurudi Kabati. Mvua za Kitui hunyesha katika misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na wakulima huitegemea zaidi hii ya pili. Ikinyesha hunyesha kwa nguvu. Mito kama Tiva, Nzeeu na Kalundu hufurika kwa saa au siku chache, kisha maji hutoweka. Mgeni husema yamepotea. Mwenyeji anajua yamekwenda wapi.

Bwawa la mchanga limejengwa juu ya ujuzi huo. Ukuta wa mawe na saruji husimamishwa katika mto, juu ya mwamba. Mafuriko huleta mchanga na tope; tope jepesi hupita juu ya ukuta na kwenda zake, mchanga mzito hubaki nyuma. Msimu baada ya msimu mchanga hujaa hadi ukingoni mwa ukuta, na katika nafasi zilizo kati ya chembe zake hukaa maji, kiasi cha robo hadi theluthi ya ujazo wote. Jua haliyafikii, mbu hawazaliani humo, na yanapochotwa yamekwisha kuchujwa. Tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL, pamoja na vikundi vya mwethya ambavyo ni desturi ya Wakamba ya kufanya kazi kwa ushirikiano, limejenga mamia ya mabwawa ya namna hiyo Kitui. Kwa maneno mengine, shimo lile la nyani limepanuliwa na kuimarishwa kwa jasho la watu, wengi wao wakiwa akina mama waliobeba mawe na maji ya kuchanganyia saruji.

Lamu nako hali ni hiyohiyo. Vilima vya Shela, ambavyo mgeni huvipanda ili atazame bahari, vimehifadhi chini yake maji ya mvua ambayo visima vyake huulisha mji wa Lamu. Mtu anayejenga hoteli juu ya vilima hivyo kwa ajili ya mandhari anaweza, bila kujua, kuuziba mdomo wa mji mzima.

Hapa suala la fasihi linakuwa suala la maisha. Waraka Nambari 10 wa Serikali ya Kenya wa mwaka 1965, uliohusu Ujamaa wa Kiafrika, ulielekeza fedha za maendeleo ziende mahali ambapo zingezaa haraka zaidi, yaani penye rutuba, mvua na njia za usafiri. Waandishi wake walikuwa wachumi, lakini waliitazama nchi kavu kwa jicho lilelile la msafiri aliyesimama mbali: wakaona pasipo na kitu. Wenye malori nao wakaja na jicho jingine, wakauona mchanga wa mitoni kuwa mali ya kwenda kujengea Nairobi. Mto unapochotwa mchanga hadi kwenye mwamba, kilichoondoka ni ghala la maji, na visima vya jirani hukauka. Ndiyo maana Makueni ilitunga mwaka 2015 sheria ya kuhifadhi mchanga na kusimamia matumizi yake. Sheria hiyo inaweza kusomwa kama marekebisho ya kamusi: imetamka rasmi kwamba mchanga una kazi mahali ulipo.

Pingamizi na jibu lake

Huenda ikasemwa kwamba fasihi si elimu ya maji, na kwamba msanii ana haki ya kuushangilia uzuri bila ya kutoa hesabu ya visima. Pingamizi hili lina uzito. Hakuna sheria inayomlazimisha kila mwandishi kuchimba. Tena uzuri wa kilima cha mchanga ni wa kweli. Mwenyeji naye huuona, ijapokuwa hausemi kila siku.

Lakini makala haya hayadai kwamba uzuri ufutwe. Yanadai kwamba uzuri usioulizwa maswali huchosha upesi, na ushahidi umo katika vitabu vyenyewe. Mwondolee Thesiger viriba vyake, na Uruq al-Shaiba itakuwa picha ya ukutani. Mwondolee Krapf lile shimo la nyani, na safari ya mwaka 1851 itakuwa kisa kimoja zaidi cha mgeni aliyeponea chupuchupu. Kinachozifanya kurasa hizo zidumu ni kwamba mchanga umeacha kuwa pazia la nyuma na umekuwa mhusika: unanyima, unaficha, unatoa.

Hitimisho

Waandishi wa Kiswahili wanazidi kuandika safari zao, wengine kutoka Oman na Ghuba, wengine kutoka Marsabit na Turkana. Kabla ya kuuiga ukurasa wa kileleni, yafaa wajiulize maswali matatu. Nani anayeijua njia, na je, jina lake limetajwa? Maji yako wapi, na yanafikiwaje? Mahali hapa panaitwaje na watu wake, na jina hilo linawapa haki gani? Msimulizi anayeweza kuyajibu atakuwa ameona, hata kama hakupanda kilima chochote.

Kabati haina kilima cha kupanda. Ina mto wa mchanga, na kandokando yake kuna njia nyembamba iliyokanyagwa na punda waliobeba madumu. Njia hiyo inateremka, inaukuta mchanga, na haivuki ng'ambo. Inaishia katikati ya mto, kwenye shimo lenye upana wa mikono miwili, na kando yake imewekwa kata.